Njia ya wavuvi haimo kwenye karatasi

Mhariri,

Wiki hii mmetuuliza: "Sheikh Khaz'al wa Mohammerah, alipoikodisha ardhi ya Abadan kwa kampuni ya mafuta ya Waingereza mwaka 1909, aliuza nchi au alifanya biashara nzuri?" Nililisoma swali asubuhi, nikalifunika, usiku nikalirudia. Mimi ni mtu wa Tanga, na sina ugomvi na wanaotaka kujadili bei. Kinachonikaa rohoni ni jambo la pembeni kidogo: yule aliyemuahidi Sheikh alikuwa nani, na alikaa muda gani baada ya wino kukauka?

Kwa wasioijua habari yenyewe. Mafuta yalitoka ardhini Masjed Soleyman, kusini-magharibi mwa Uajemi (Iran ya leo), tarehe 26 Mei 1908, huko juu milimani kwa watu wa kabila la Wabakhtiari. Ili yafike majini lilihitajika bomba la zaidi ya kilomita 200, na mwisho wa bomba panahitajika mahali pa kuyasafisha. Pakachaguliwa Abadan, kisiwa cha matope na mitende kwenye mto Shatt al-Arab, na bwana wa pale alikuwa Khaz'al bin Jabir, Sheikh wa mji jirani wa Mohammerah. Kule Tehran, Shah, mfalme wa Uajemi, alikuwa ameshampa tajiri wa Kiingereza William Knox D'Arcy idhini ya kutafuta mafuta tangu mwaka 1901: miaka 60, kwa pauni 20,000 taslimu, hisa za thamani hiyo hiyo, na asilimia 16 ya faida. Lakini karatasi ya Tehran haikumfikisha mtu kwenye mitende ya Khaz'al. Ilibidi aendewe mwenyewe.

Aliyemwendea hakuwa mfanyabiashara. Alikuwa Percy Cox, mwakilishi wa serikali ya Uingereza katika Ghuba, pamoja na ofisa kijana, Arnold Wilson. Tarehe 16 Julai 1909 wakakubaliana: eneo la kama maili moja ya mraba, kodi ya pauni 650 kwa mwaka, ya miaka kumi ilipwe mbele, na juu yake mkopo wa pauni 10,000. Pigeni hesabu, inakuja kama pauni moja kwa ekari kwa mwaka. Na zile 10,000 ni mkopo. Deni! Wabakhtiari, kwa mkataba wao wa 1905, walau waliahidiwa asilimia 3 ya hisa.

Ndiyo maana nilipoanza kuandika nilikuwa nimeshahukumu: mzee aliuza, tena aliuza rahisi. Sasa naomba niwapeleke kidogo kwetu, mtanielewa.

Nilikuwa darasa la tano. Babu yangu ndiye aliyekuwa mkubwa wa ukoo, na shamba la minazi lililoshuka hadi ufukweni lilikuwa la ukoo mzima, ila sauti ilikuwa yake. Kampuni moja ya mafuta ilitaka kipande cha chini, karibu na maji, ijenge matangi. Walikuja watu watatu: bwana mmoja wa kampuni, karani wake, na mtu wa ofisi ya ardhi. Walivua viatu barazani bila kuambiwa, na hilo babu alilisifu mpaka siku anakufa.

Kabla ya maneno, minazi ilihesabiwa. Mimi ndiye niliyebeba kopo la chokaa. Karani alipita akipiga alama kila mnazi, na mimi nyuma yake nikinyunyiza miguu yangu mwenyewe. Akafika mwisho, akasema arobaini na mmoja. Babu akasema arobaini na minne. Wakarudi, wakahesabu tena, jua limepanda, wakapata arobaini na mmoja. Babu akaonyesha mitatu midogo iliyokuwa kando ya kisima, haijafika hata kiunoni pangu. Karani akacheka kwa adabu, akasema, "Mzee wangu, ile haijazaa, haimo kwenye fidia." Babu akamjibu, "Ile ni ya huyu mtoto." Akanishika kichwa. Wakabishana juu ya minazi mitatu muda mrefu kuliko walivyobishana juu ya ardhi yote. Mwishowe yule bwana wa kampuni akasema iandikwe arobaini na minne, na babu akafurahi kama aliyeshinda kesi.

Nimelifikiria sana hilo baadaye. Mtu akikuachia minazi mitatu, huoni aibu kumdai kingine.

Tukarudi barazani. Kahawa ikaja, na kashata. Hapo babu akauliza juu ya njia. Katikati ya kile kipande ilipita njia ya wavuvi, kutoka kijijini hadi pale ngalawa zilipolazwa. Haikuwa ya ukoo wetu peke yetu. Kila mtu alipita, wanawake waliokwenda kutanda dagaa nao walipita. Yule bwana akasema, "Mzee, njia haitafungwa. Una neno langu." Bibi yangu alikuwa ndani, anakuna nazi. Mbuzi ikanyamaza. Akasema kwa sauti kutoka nyuma ya pazia, "Basi iandikwe." Babu akakunja uso. Mgeni ameshatoa neno mbele ya watu, kumwambia aliandike ni kama kumwambia ni mwongo. Akamuuliza jambo jingine tu: "Na wewe ndiye utakayekaa hapa?" Bwana akasema, "Kampuni ipo, mzee, kampuni haifi." Babu akasema, "Kampuni haifi, lakini wewe utahamishwa."

Alilijua, wazee wangu. Alilitamka kwa mdomo wake, na bado akaweka dole gumba.

Bwana yule alihamishwa kabla hata matangi hayajapakwa rangi. Aliyemfuata alikuta ramani haina njia, akazungusha seng'enge. Babu alikwenda mara nne. Mara ya nne aliambiwa na mlinzi asubiri nje, juani, kwenye shamba lake.

Hivi ndivyo nilivyotaka kumsema Khaz'al: kwamba aliamini neno la mgeni. Lakini nilipofika hapa ikabidi nisimame, kwa sababu kumbe yeye alifanya alichosema bibi. Aliandikiwa. Katika mazungumzo yale fedha zilikuwa nusu ya habari tu. Alichokitaka hasa ni Waingereza wamhakikishie kwamba Tehran haitamnyang'anya mamlaka na mali, na ahadi hiyo iwaguse na warithi wake. Alishakuwa nayo kwa namna fulani tangu 1902. Mwaka 1914 vita vilipoingia Ghuba akaandikiwa tena kwa nguvu zaidi, kwa kuwa walimhitaji. Mwaka huo huo serikali ya Uingereza ikanunua hisa nyingi za kampuni yenyewe, asilimia 51. Mdhamini na mpangaji wakawa mtu mmoja.

Kisha ikaja 1925. Reza Khan, mkuu wa jeshi aliyeshika serikali ya Tehran, anaikusanya Uajemi yote mkononi mwake, na Waingereza wameshaona kwamba mwenye nguvu ni yeye. Cox ameshastaafu. Mwezi Aprili Khaz'al akakamatwa akiwa kwenye mashua yake, akapelekwa Tehran, akakaa chini ya ulinzi hadi alipofariki mwaka 1936. Kiwanda cha Abadan kikaendelea kukua mpaka kikawa kikubwa kuliko vyote duniani. Nchi aliyoitawala ikabadilishwa hata jina la mji: Mohammerah ukaitwa Khorramshahr.

Kwa hiyo siwezi tena kumwita mjinga. Alidai karatasi akapewa, na waliompa wakaichoka walipopata rafiki mwingine. Babu angeandikiwa njia yake, seng'enge isingezungushwa? Miaka yote nimesema isingezungushwa. Leo sina hakika hiyo.

Lakini kuna jambo linanizuia nisimsamehe Sheikh kabisa, na kwa uchungu nalisema kwa babu yangu pia. Mitende ya Abadan ilikuwa na watu chini yake, waliopanda, waliochavusha, waliovuna. Mkataba wa 1909 uliifanya ardhi yao kuwa yadi ya kiwanda, na waliokaa kuujadili walikuwa Sheikh na Waingereza. Vivyo hivyo, barazani kwetu hapakuwa na mvuvi hata mmoja. Babu aliizungumzia njia yao kama ya kwake, akaipoteza kama ya kwake, na wao ndio waliozunguka.

Basi mkinibana nitoe jibu: Khaz'al hakuuza nchi. Alikodisha kipande, kwa bei ndogo, kwa mtu aliyekuwa na manowari mtoni, na sidhani angeweza kukataa akabaki Sheikh. Ningekuwa yeye huenda ningetia saini, ila ningekataa ule mkopo, na ningeketi na wenye mitende kwanza. Ni rahisi kusema hivyo leo. Na ninajua siku hizi kwetu sheria ni nyingine, ardhi ni ya umma, na bomba la mafuta la kutoka Hoima, Uganda, la kilomita 1,443 linaloishia Chongoleani hapa Tanga halikuhitaji dole gumba la mkuu wa ukoo. Minazi, hata hivyo, bado inahesabiwa mmoja mmoja, na mahali fulani yupo mtoto ameshika kopo la chokaa.

Ile karatasi ya babu anayo baba mdogo, kwenye bati la biskuti pamoja na vyeti vya kuzaliwa. Ina mihuri mitatu na dole gumba moja. Minazi imo, arobaini na minne. Wavuvi wanapitia mikokoni, maji yakiwa yametoka.

Msomaji wenu,
Tanga