Mbuta na soseji ya pilipili: kwa vijana wapya jikoni

Kundi jipya la mafunzo likiingia jikoni, hazipiti siku mbili kabla mbuta (sangara) hajageuka uji ndani ya mafuta machungu. Chuoni mmefundishwa kukata karoti kwa mitindo mitano, lakini samaki na soseji katika kikaango kimoja vinawashinda. Sikilizeni basi, wadogo zetu, kabla wateja wa jioni hawajatoka ofisini.

1. Samaki. Chukua mnofu mnene wa mgongo wa mbuta, gramu 150 kwa sahani. Wa tumbo una mafuta mengi, na ukiongeza ya soseji unakinaisha. Ngege (tilapia) ni mtamu kuliko mbuta, hilo Kisumu halina ubishi, ila mnofu wake ni mwembamba na utaiva ungali unatafuta kifuniko. Huyo mpike mzima, siku nyingine. Ukiwa soko la Kibuye au ufuo wa Dunga, bonyeza nyama kwa kidole: shimo likibaki, mwachie mwenyewe. Mifupa ije jikoni kwa supu. Mtaa wa Obunga wanajua thamani ya mgongo wazi, yaani mifupa inayobaki minofu ikishatolewa, ninyi mnautupa.

2. Soseji. Chorizo kavu ya Kihispania, soseji iliyokolezwa paprika (unga wa pilipili nyekundu), ikipatikana, gramu 40 kwa sahani zatosha. Kumbuka ni nguruwe: mhudumu amwambie mteja kabla ya oda, na kikaango cha chorizo kikae mbali na vingine. Isipopatikana, tumia soseji ya choma ya ng'ombe yenye pilipili, gramu 60, na kijiko cha chai cha paprika kwa sahani nne. Hii ni mbichi, kwa hiyo iive hadi katikati. Smoki, ile soseji ya mtaani, mwachieni muuza kachumbari.

3. Sasa lile kosa. Moto juu kabisa, mafuta ya kupikia vijiko vitatu, soseji ndani. Nje inakuwa nyeusi huku ndani ikiwa bado imeshikilia mafuta yake, na paprika kidogo iliyotoka imeshaungua ikawa chungu. Kijana haonji. Anatupia samaki aliyetoka kwenye barafu, maji yakimtiririka. Joto linashuka papo hapo, samaki anachemka badala ya kukaangika, na nyama inashika chuma. Hofu inaingia. Kila nusu dakika mwiko unachokonoa, na mbuta hataki kuchokonolewa. Kila ukimgusa anaacha kipande. Ili kuficha aibu anaongeza nyanya, kisha Royco, akisahau kwamba soseji imekuja na chumvi yake. Imezidi? Maji. Mchuzi umekuwa mwepesi? Moto juu tena. Mwisho pana vipande vya soseji vigumu vikiogelea katika kitu kisicho na jina. Tusiwacheke sana: sisi tuliotangulia tumeipika sahani hiyo hiyo, tukaila wenyewe nyuma ya jikoni kwa ugali, kimya.

Tiba ni kuanza na kikaango baridi. Kata soseji vipande vya nusu sentimita, moto mdogo, dakika 6 hadi 8. Ya choma iongezee kijiko cha chai cha mafuta. Rangi ya paprika huyeyuka kwenye mafuta, si kwenye maji, ndiyo maana chorizo ikipewa muda inaacha ziwa jekundu. Toa soseji, mafuta yabaki. Kwa sahani nne weka vitunguu viwili dakika 8, saumu punje 4 na ile paprika nusu dakika tu, kisha nyanya 5 zilizokunwa mpaka mafuta yajitenge pembeni. Rudisha soseji na robo lita ya supu.

Samaki anaingia sasa, mwisho kabisa. Awe ameyeyuka barafu yote, amepakwa chumvi kidogo robo saa kabla, kisha akakaushwa kwa kitambaa safi. Mlaze juu ya mchuzi unaochemka polepole, funika, dakika 7 au 8 kwa unene wa sentimita mbili na nusu. Usimgeuze. Choma ncha ya kisu mahali penye unene: tabaka ziachane, ziwe nyeupe na bado ziwe na majimaji. Katikati ikiwa bado kama kioo chenye ukungu, ongeza dakika moja, si tano.

4. Ndimu ni ya mezani. Ukimlowesha samaki nusu saa, asidi inaigandisha nyama kabla ya moto, akiiva anakuwa chokaa mdomoni.

5. Dania, jiko likishazimwa.

6. Ugali. Maji yawe yanachemka nyanya zinapoingia, ili usonge na kufunika kabla samaki hajalazwa. Ugali utavumilia dakika kumi. Mbuta hatavumilia, kwa sababu anaendelea kuiva ndani ya mchuzi hata gesi ikifungwa, kwa hiyo anayesema “chifu, ugali bado kidogo” samaki akiwa tayari ajue sahani hiyo ni yake, na oda aianze upya.