Uso wako baada ya mkorogo

Mwanangu mpendwa,

Barua yako nimeisoma mara mbili. Unaniuliza kwa nini uso wako, uliokuwa laini ulipokuwa ukijipaka mkorogo, sasa unawaka na kutoa vipele ikiwa ni wiki mbili tu tangu uuache, na kama unaweza kuipaka tena krimu ile kidogo ili utulie. Usiipake tena, mwanangu.

Mikorogo mingi huwa na steroidi kali, ambayo hubana mishipa midogo ya damu na kuficha uvimbe. Ikiondolewa, mishipa hiyo hutanuka na ngozi iliyokwisha kuwa nyembamba huwaka moto. Nilipokuwa na umri kama wako niliacha mkorogo, nikaona mashavuni vijishipa vyekundu kama nyuzi, nikashikwa na hofu nikalifungua tena kopo. Nilitulia siku chache, na nilipoacha mara ya pili uso uliwaka kuliko mwanzo.

Nenda kwa daktari wa ngozi na kopo lenyewe mkononi. Kama ulijipaka mwili mzima kwa muda mrefu, huenda akaona ni salama zaidi kukupunguzia steroidi hatua kwa hatua, na kama anashuku kwamba krimu hiyo ina zebaki, ambayo hudhuru figo na neva, atakupima mkojo. Zebaki huwafikia hata watu wa nyumbani kupitia taulo na mashuka, kwa hiyo usimwachie mtoto alalie mto wako.

Nyumbani, osha uso kwa maji ya uvuguvugu na sabuni isiyo na manukato, ukitumia viganja wala si dodoki, kisha ukaushe kwa kubonyeza taulo taratibu. Ngozi ikiwa bado ina unyevunyevu, paka mafuta ya mgando yasiyo na harufu, basi. Limau, magadi na dawa ya meno, ambavyo najua utashauriwa na wengi, vitaichoma ngozi ambayo haina tena kinga yake.

Jua ndilo linalonitia wasiwasi zaidi, kwa sababu mkorogo umekupunguzia melanini, yaani rangi ya asili ya ngozi, iliyokuwa ikikukinga. Tumia losheni ya kukinga jua yenye SPF 30 au zaidi, kiasi cha kujaza urefu wa vidole viwili kwa uso na shingo, na urudie kila baada ya saa 2 ukiwa nje. Ukipata yenye rangi ya ngozi ni bora zaidi, kwani oksidi ya chuma iliyomo huzuia pia mwanga wa kawaida unaokoleza madoa.

Madoa yenyewe huchukua miezi kufifia. Lakini ukiona weusi wenye ubuluu kwenye mifupa ya mashavu, mwonyeshe daktari, maana huenda umeletwa na haidrokwinoni, kemikali ya kung'arisha ngozi iliyomo kwenye baadhi ya mikorogo, na kila unapoongeza krimu ndipo unapozidi kukolea.

Nijulishe siku utakayopangiwa, nami nitakuja twende pamoja.

Mama yako