Jibu: Watoto wa makopo Dakar

Ndugu, umeuliza inakuwaje Senegal ina sheria tangu 2005 ya kumfunga miaka 2 hadi 5 anayewatuma watoto kuombaomba, na bado Dakar imejaa wavulana wenye makopo. Sheria ipo kweli. Ila kanuni ya adhabu inasema kuomba sadaka kwa siku na mahali palipozoeleka kidini si kosa, na hapo ndipo washtakiwa wanapopata mwanya wa kuponyoka.

Wavulana hao wanaitwa talibé, wanafunzi wa madrasa ya Kurani, daara kwa huko. Zamani daara ilikuwa kijijini: mtoto analima shamba la mwalimu, anasoma, na kuomba chakula nyumba kwa nyumba kulikuwa kumfunza unyenyekevu. Ukame wa miaka ya 1970 ukawasukuma walimu wengi mjini. Mjini hakuna shamba, mtoto ndiye akawa shamba. Kopo la nyanya linapokea wali, vipande vya sukari, sarafu. Asipofikisha kiwango cha siku alichopangiwa na mwalimu, ni fimbo. (Si walimu wote, tusiwapake tope moja.)

Halafu yupo mtoaji, ambaye watu humsahau. Mtu akishaambiwa na shehe au mganga atoe sadaka ya sukari au mshumaa ili mambo yake yanyooke, atampa nani asubuhi ile kama si huyo mtoto? Mwaka 2016 Rais Macky Sall aliagiza watoto waondolewe barabarani. Waliokusanywa, wengi walirudishwa kwa walimu wale wale.