Kabla hujapanda mikaratusi, shuka kwanza bondeni

Kila mwaka mvua zikikaribia kuanza huku Mufindi, mkoani Iringa, mwezi wa kumi na moja hivi, napigiwa simu zenye swali lilelile: "Nimepata eka tano, nipande paini au mikaratusi?" Nami huuliza: shamba lako linaishia wapi? Wengi hutaja jina la jirani. Ninachotaka kujua ni kama linaishia kwenye maji.

Nilianza kuuliza hivyo baada ya kupata hasara. Mwaka 2009 kila mtu alikuwa anapanda miti, na hesabu za kuuza mikaratusi iwe nguzo za umeme zilikuwa zinatamanisha. Chini ya shamba letu kulikuwa na kinyungu alichotuachia bibi. Kwa asiye wa huku, kinyungu ni bustani ya bondeni inayolimwa kiangazi kwa unyevu wa ardhi yenyewe. Mama alikuwa anachoma mahindi mabichi Desemba wakati wenzake ndiyo kwanza wanapalilia. Mimi nikapanda mikaratusi mteremko mzima, na mistari mitatu nikaishusha mpaka bondeni, maana kule ilikua kama imetumwa. Mama aliniambia, "Mwanangu, hayo maji yana kazi yake." Nikamwona mtu wa zamani.

Mti huvuta maji kwa mizizi na kuyatoa hewani kupitia majani, yakiwa mvuke. Hilo tulifundishwa shule ya msingi. Ambalo sikuliwaza ni kwamba nyasi zetu za asili hukauka kiangazi. Zikilala, hazivuti maji, na yale yaliyozama masika yanabaki ardhini yakitoka taratibu kwenye chemchemi. Mkaratusi haulali. Agosti na Septemba umesimama na majani yake ya kijani, unakunywa.

Waliotangulia kuondoka ni vyura. Sikushtuka, nani anahesabu vyura? Mwaka wa nne kijito kikaanza kukatika Oktoba. Mwaka wa sita kisima cha kuchotea kikawa tope. Chini ya miti nyasi zilikuwa zimepungua, kumebaki majani makavu tu, na moto wa mtu aliyekuwa anaandaa shamba lake ulipovuka mpaka, hata hayo yakaisha. Mvua ya kwanza ikakuta udongo mtupu na mgumu. Maji hayakuzama, yalishuka mbio yakabeba udongo wa juu na kuumwaga kwenye kinyungu cha mama, yakaacha korongo ambalo mtoto akiingia humwoni.

Bonde letu dogo halikuishia hapo. Kijito chetu kinaingia Ruaha Mdogo, mto unaowapa maji watu wa Iringa mjini kabla haujaungana na Ruaha Mkuu kuelekea bwawa la Mtera. Maji ya Mtera ndiyo yanayoteremka tena kuzalisha umeme Kidatu. Wanaokumbuka mgawo wa umeme wa 2006, mabwawa yalipopungua kwa ukame, wanajua hali ilivyokuwa. Basi fikiria: mimi nilikuwa nalea nguzo za umeme kwa kukausha maji yanayozalisha umeme. Nilipogundua hilo nilicheka peke yangu shambani.

Mwaka 2016 nilikata yote ya bondeni. Usidhani ukishakata umemaliza. Visiki huchipua tena, na miaka miwili nilikuwa nashuka na panga kukata machipukizi. Kingo nikapanda mivengi, miti ya asili ambayo wazee wetu hawakuikata kwenye vyanzo vya maji, kwingine nikaacha nyasi zirudi zenyewe. Ya juu mteremkoni sikuigusa. Siuchukii mkaratusi, nyuki wangu wanaupenda, na kuni zake zinaokoa msitu wa asili. Umekosewa mahali tu.

Kwa hiyo wewe mwenye eka tano, nenda shambani Oktoba, kabla ya mvua, utembee na mzee wa pale. Palipo na kijani wakati kote kumekauka, hapo pana maji chini, paache. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 inataka uache mita 60 kutoka kwenye kingo za mto au chanzo cha maji. Pima kwa kamba, hatua za mtu mwenye tamaa huwa fupi. Fyeka barabara ya kuzuia moto mapema. Na usifunge mkono wa chini wa mteremko kwa ukuta wa miti iliyobanana: hewa baridi hushuka usiku kama maji, ikikosa pa kupita inatuama, na sakitu ya Juni, ule umande wa barafu, inaunguza viazi vya jirani yako wa juu. Huyo nimeshamlipa debe mbili.

Maji yetu yalirudi baada ya masika mbili, ila si kama ya bibi. Mama hajawahi kuniambia "nilikwambia". Nikienda kumsalimia Desemba ananichomea muhindi mmoja, zamani ilikuwa mitatu, kisha anakaa ananitazama nikila.