Thredi haiamki kwenye eCos? Angalia ISR inarudisha nini

Mdogo wangu wa Mafinga, hesabu ya mizunguko ya feni ya kunyaushia chai inapanda lakini thredi (mtiririko wa kazi ndani ya programu) haiamki kwa sababu ISR yako, ile kazi fupi inayoendeshwa mara intarapti (ishara ya kifaa inayokatiza kichakataji) inapofika, inarudisha CYG_ISR_HANDLED peke yake. Hapo eCos, mfumo endeshi wa wakati halisi wa vifaa vidogo, inaelewa kwamba intarapti imeshashughulikiwa, basi. Rudisha CYG_ISR_HANDLED | CYG_ISR_CALL_DSR, ndipo DSR, sehemu ya pili ya kushughulikia intarapti inayokuja baada ya ISR, itapangwa kuendeshwa.

Semafori, ile ishara inayoamsha thredi inayosubiri, nakuomba usiiguse kabisa ndani ya ISR, hata kama jaribio la kwanza litakubali. Hapo huruhusiwi kuita huduma za kerneli (kiini cha mfumo) zinazoamsha thredi. Weka cyg_semaphore_post kwenye DSR. Ndani ya ISR ita cyg_interrupt_mask na cyg_interrupt_acknowledge, kisha cyg_interrupt_unmask iwe mwishoni mwa DSR. Ukiisahau hiyo ya mwisho utahesabu mpigo mmoja tu.