Maswali yenu ya maabara: pendulamu, magadi makali na mafuta ya makonyo

Assalamu alaykum wanafunzi. Maswali wiki hii mengi yametoka kwa wa mwaka wa kwanza ambao ndo kwanza wanashika bureti (mrija wa kupimia wenye koki), nimechukua manne.

Mwalimu, pendulamu yangu (goroli inayobembea kwenye uzi) imenipa g, yaani mchapuko wa mvuto wa dunia, ya 9.6, mwenzangu anasema niandike 9.8 nisikatwe maksi. Nifanyeje? (Chake Chake)

Usiandike, mwanangu. Weka 9.6 yako kwenye daftari halafu itafute imetoka wapi, maana hapo ndo fizikia yenyewe ilipo. Huku kwetu karibu na ikweta g ni kama 9.78, ile 9.81 ya vitabuni ni ya Ulaya. Sasa rudi kwenye uzi wako, umepima kutoka juu mpaka wapi? Wengi wanaishia pale uzi unapogusa goroli wakati urefu unatakiwa ufike katikati ya goroli. Goroli ya sentimita 2 ukiishia juu yake ushapoteza sentimita 1, na kama pendulamu yako ni ya sentimita 50 basi hiyo ni asilimia 2 nzima, toa asilimia 2 kwenye 9.78 uone. Inakuja 9.58! Mie hapo ndo ningeanza kuangalia. Kuna na wanaosema "moja" pale wanapobonyeza saa badala ya "sifuri", wanaamini wamehesabu mizunguko 20 kumbe ni 19, lakini kosa hilo lingekupandisha mpaka 10.8, kwa hiyo wewe silo lako. Na usiivute mbali, digrii 10 zatosha.

Tumepima gramu 4 za sodiamu haidroksaidi (magadi makali) kwa lita, tukaandika moli 0.1 kwa lita, mbona titresheni (vipimo vya kudondosha asidi na besi mpaka zimalizane) hazikubaliani? (Ukhti, Tunguu)

Ukhti, chukua punje moja kwa kijiko, si kwa mkono, iweke kwenye kioo cha saa (kile kisahani cha kioo cha maabara) uitazame dakika chache tu. Itaanza kung'aa, kisha itatoka jasho, mwisho inakaa ndani ya kidimbwi chake. Inanyonya unyevu na inanyonya kaboni dayoksaidi, na Unguja wakati wa masika hewa yenyewe ni maji, kwa hiyo kwenye zile gramu 4 mmepima na maji humo humo. Mizani haijakosea, mmeipa kitu kisichotulia. Tengenezeni myeyusho wa kukisia halafu muuhakikishe kwa asidi ya oksaliki ya fuwele (ile yenye gramu 126 kwa moli), hiyo inatulia kwenye mizani, na muandike namba mliyoipata hata kama ni 0.093. Na kwa fenolfthalini (ile dawa ya kuonyesha rangi) mnatafuta waridi hafifu mno, ya kuonekana kwa taabu juu ya karatasi nyeupe, ikikoza mshapita.

Asidi kwenye maji au maji kwenye asidi? (Mkoani)

Asidi kwenye maji, kidogo kidogo, unakoroga, miwani iko machoni. Sulfuriki kali ni nzito karibu mara mbili ya maji, ukimimina maji juu yake yanaelea, yanachemka hapo hapo na kukurushia asidi usoni. Hili halina mjadala.

Kwetu tunauza makonyo (vikonyo vya karafuu) na najua mafuta yake yanatolewa kwa mvuke. Nimesoma eujenoli, ambayo ndiyo sehemu kubwa ya mafuta hayo, inachemka kwenye digrii 254, vipi inatoka na mvuke wa digrii 100? (Wete)

Swali hili limenifurahisha sana, mtoto wa Pemba kaliona jambo lililo uani kwao. Kitu kinachemka pale msukumo wa mvuke wake unapofikia msukumo wa hewa. Maji na mafuta hayachanganyiki, kila kimoja kinasukuma kivyake kama mwenzake hayupo, na misukumo miwili inajumlishwa. Maji yanatoa karibu msukumo wote, eujenoli inatia kichango kidogo tu, jumla inafika kabla hata ya digrii 100 na vyote viwili vinatoka pamoja. Ndo maana mafuta hayaungui, na ndo maana unachemsha maji mengi kwa mafuta machache. Ukifanya maabara utaona kinachodondoka ni cheupe kama tui jepesi, kiache kitulie. Hapa kuwa makini, tumezoea mafuta ya nazi yanayoelea, haya ya karafuu ni mazito kuliko maji, matone yanashuka chini, nishaona wanafunzi wanafungua koki wanamwaga ya chini wakidhani ni maji, kumbe wanamwaga kazi ya asubuhi nzima.