Wimbo usiopigwa na mkono wowote

Dada, umeuliza kama kuna uzuri unaozidi macho na masikio. Upo, na mimi niliukuta kwenye amadinda, marimba ya Buganda yenye vibao 12. Wapigaji wawili hukaa wakitazamana. Mmoja anapiga, mwenzake anapenyeza sauti zake katikati, kwa kasi ileile, bila kugongana. Wa tatu yuko kwenye vibao viwili vidogo pembeni. Hapo ndipo unaposikia wimbo ambao hakuna hata mmoja wao anayeupiga! Akili yako ndiyo inayouokota. Siku ya kwanza nilikodolea macho vijiti vyao, nikimtafuta mwenye wimbo ule, nikamkosa. Ukifika Kampala, kaa karibu nao, fumba macho, usiwe na haraka.